Je, kuna ngisi wa kushika chombo katika mkondo wa Pemba?

*"Assalamu alaikum mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Mwanangu wa kiume ana miaka 10. Tangu aone video za majitu ya baharini kwenye simu ya mjomba wake (ngisi mwenye macho kama sahani, mdudu wa baharini mkubwa kama paka, papa wa zamani anayemeza meli) hataki hata kuosha miguu ufukweni. Idd iliyopita tulikuwa tuvuke kwenda Pemba kwa shangazi yake, akalia bandarini mpaka tukarudi nyumbani. Babu yake, ambaye ujanani alikuwa baharia, badala ya kumtuliza amemwongezea hofu: anasema jahazi lao liliwahi kushikwa na pweza katikati ya mkondo wa Pemba, likasimama tuli usiku kucha na tanga limejaa upepo. Naomba ukweli. Wanyama hao wapo? Kwa nini wawe wakubwa hivyo? Wanaweza kufika huku kwetu? Na mtoto nimwambie nini?"*

Waalaikum salaam, dada yangu. Nianze na swali lako la tatu, maana ndilo linalomnyima mtoto raha: hapana. Majitu ya vilindini hayawezi kufika ufukweni kwenu yakiwa na uhai na nguvu zake, na sababu yake ni nzuri kuliko video zote alizoona. Nitaifikia. Maswali mengine yana majibu marefu, na hilo la babu nitalijibu kwa tahadhari, kwa sababu mtu aliyevuka mkondo wa Pemba kwa tanga si mtu wa kupuuzwa.

Kwanza tuwatenganishe hao watatu wa kwenye simu, kwani wamechanganywa kweli na uongo katika kapu moja.

Papa anayemeza meli mfute. Aliishi kweli, anaitwa megalodoni, na meno yake yanayookotwa kwenye miamba ya kale yanajaza kiganja cha mtu mzima. Lakini alitoweka kiasi cha miaka milioni 3.6 iliyopita. Video unazoziona zimetengenezwa kwa kompyuta.

Mdudu mkubwa kama paka ni wa kweli, ila amepigwa chumvi. Unawajua wale wadudu wadogo wa kijivu wenye miguu mingi, wanaokaa chini ya mawe na vyungu vya maua, ukiwagusa wanajikunja kama gololi? Huyu ni ndugu yao wa vilindini. Mwanasayansi wa Kifaransa, Alphonse Milne-Edwards, alimwandika mwaka 1879 kutokana na mmoja aliyevuliwa Ghuba ya Meksiko. Urefu wake kwa kawaida ni sentimita thelathini na kitu, na wachache sana hukaribia nusu mita. Kwenye video anaonekana kama paka kwa sababu mshikaji amemnyoosha mbele ya kamera na yeye mwenyewe amerudi nyuma. Kazi yake ni kula mizoga iliyozama. Mmoja aliyefugwa katika nyumba ya samaki ya Toba, Japani, aligoma kula Januari 2009 na akaishi bila chakula hadi Februari 2014. Miaka mitano! Kisa hiki kiweke akilini, maana ndani yake mna nusu ya jibu la "kwa nini wawe wakubwa".

Anayebaki ni ngisi, na huyu ndiye aliyenifanya nikae kitako kukuandikia.

Ngisi mkubwa wa vilindini yupo, hana shaka. Kwa karne nyingi wavuvi wa Norwei walisimulia habari za mnyama wa minyiri mirefu, na wasomi wakawacheka. Mwaka 1857 Mdenmaki mmoja, Japetus Steenstrup, alichunguza mdomo wa ngisi uliotokana na mzoga uliotupwa ufukweni, mdomo mgumu uliopinda kama wa kasuku, akakata shauri kwamba mnyama huyo ni ngisi wa kweli, akampa jina la kisayansi, Architeuthis. Hata baada ya hapo miaka karibu mia na hamsini ilipita bila mtu yeyote kumpiga picha akiwa hai kilindini kwake. Tulijua mizoga tu. Ndipo tarehe 30 Septemba 2004, Wajapani wawili, Tsunemi Kubodera na Kyoichi Mori, walipoteremsha chambo na kamera hadi mita 900 karibu na visiwa vya Ogasawara. Ngisi akakivamia chambo, mnyiri wake mmoja ukanasa kwenye ndoana, akapambana zaidi ya saa nne, mwisho akajikata na kwenda zake. Kipande alichoacha kilikuwa na urefu wa mita tano na nusu.

Video za kweli za kilindini zilikuja baadaye, mwaka 2012. Waliofanikiwa walitumia akili ya mvuvi. Edith Widder, mtafiti wa Marekani, alielewa kwamba nyambizi zenye taa kali na mngurumo zilikuwa zinawafukuza wanyama hao. Akatumia taa nyekundu hafifu, rangi ambayo wanyama wengi wa vilindini hawaioni, na badala ya chambo cha nyama akaning'iniza kifaa cha duara chenye vitaa vya buluu vinavyowaka kwa kuzunguka, kuiga yavuyavu anayeshambuliwa. Yavuyavu wa kilindini akikamatwa huwaka hivyo, ni kama mtu anayepiga mayowe ili aje mkubwa zaidi amfukuze mwizi. Ngisi akasikia mayowe, akaja. Mwaka 2019 mbinu hiyohiyo ikamnasa mwingine kwenye kamera katika Ghuba ya Meksiko, katika kina cha mita zipatazo 760.

Sasa vipimo, maana mtoto atakuuliza. Majike hufikia mita 12 au 13. Lakini sehemu kubwa ya urefu huo ni minyiri miwili myembamba ya kukamatia, mirefu kama kamba ya nanga. Kiwiliwili chenyewe ni mita mbili na ushei. Uzito wa aliye mkubwa kabisa ni kilo 275 hivi, yaani hamfikii ng'ombe dume. Meli hawezi kuimeza, kwani mdomo wake unakata chakula vipande vidogo, na njia ya chakula inapita katikati ya ubongo wake. Akimeza tonge kubwa anajiumiza kichwa mwenyewe. Wala hakuna tukio lililothibitishwa la ngisi huyu kumuua binadamu.

Ana binamu mzito zaidi katika bahari ya baridi inayoizunguka Antaktika. Mwaka 2007 meli ya uvuvi ya Nyuzilandi ilimtoa mmoja katika Bahari ya Ross, kilo 495, na amehifadhiwa katika makumbusho ya Te Papa mjini Wellington. Huyo minyiri yake ina kulabu. Alijulikana tangu 1925 kutokana na vipande vilivyokutwa tumboni mwa nyangumi, lakini wa kwanza kuonekana hai nyumbani kwake alipigwa picha Machi 2025, na alikuwa mtoto wa sentimita 30 tu, mwili kama kioo.

Haya, kwa nini wawe wakubwa?

Wengi hudhani ni shinikizo la maji. Siyo. Kweli, kwenye mita 1,000 shinikizo ni karibu mara mia ya hili la hewa tunayoivuta, lakini shinikizo halimkuzi mtu. Wala haliwapondi, kwa sababu hawana hewa mwilini. Zamisha chupa tupu iliyofungwa, itapasuka. Zamisha iliyojaa maji, haitafanywa kitu. Wao ni chupa zilizojaa maji.

Sababu yenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni njaa. Chini ya mita 200 mwanga wa jua umefifia kiasi kwamba hakuna mmea unaoota, na kufikia 1,000 ni giza tupu. Chakula cha huko ni makombo yanayodondoka kutoka juu, vumbi la mizoga na kinyesi, na mara moja moja mzoga mkubwa. Sisi husema haba na haba hujaza kibaba. Huko chini kibaba hakijai. Katika maisha ya namna hiyo mwili mkubwa ni ubahili. Panya hula kila siku sehemu kubwa ya uzito wake, tembo hula asilimia chache tu ya wake. Mwanasayansi Max Kleiber alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1932: mnyama mzito mara 10,000 kuliko mwingine hahitaji nguvu mara 10,000, anahitaji kama mara 1,000. Kila kilo yake inakula kidogo. Isitoshe, mwili mkubwa una akiba ya kutosha kusubiri, na unaweza kusafiri mbali kutafuta mlo unaofuata. Kumbuka yule mgomaji wa Toba.

Baridi nayo ina mkono wake. Mwili wa wanyama wengi wa baharini hufuata joto la maji, na kwenye maji ya nyuzi nne mambo yote huenda polepole, pamoja na kuzeeka. Papa wa Grinilandi hukua taratibu mno: utafiti wa 2016 ulikadiria kuwa anaweza kuishi si chini ya miaka 272. Maji baridi pia hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto, na hilo huwasaidia wanyama wasio na mapafu wala matamvua makubwa. Na bahari yenyewe hubeba mzigo: kaa wa Japani anayefikia karibu mita nne kutoka ncha ya mguu hadi ncha ya mguu asingeweza hata kusimama nchi kavu.

Lakini sitaki nikuuzie maelezo laini kupita ukweli. Ngisi wetu anaharibu hesabu. Yeye hazeeki polepole. Makadirio mengi yanampa miaka michache tu ya kuishi, maana yake hukua mbio, na kukua mbio kunahitaji chakula kingi. Kwa hiyo baridi na ubahili havitoshi kumweleza. Huenda kwake ukubwa ni kinga, kwani ukishakuwa na mita kumi wanaobaki na uwezo wa kukula ni wachache, na aliye mkubwa zaidi kati yao ni nyangumi wa ambari. Macho yake yanaunga mkono wazo hilo. Upana wake ni kama sentimita 27, yamepita mpira wa miguu. Watafiti waliopiga hesabu mwaka 2012 walisema jicho la ukubwa huo halina faida kubwa kwa kutafuta samaki wadogo, bali linafaa kuona kitu kikubwa kinachokuja kwa mbali: nyangumi anapopita, vijidudu vya majini vinavyoguswa na mwili wake huwaka, na ngisi huona kivuli cha mwanga kikimjia kutoka zaidi ya mita 100. Mwambie mwanao hivyo. Macho yale yanayomtisha kwenye simu ni macho ya mnyama anayeogopa kuliwa.

Na kitu kingine ambacho video hazisemi: wakazi wengi wa vilindini ni wadogo. Samaki anayedhaniwa kuwa mwingi kuliko wanyama wote wenye uti wa mgongo duniani anaishi huko, na ni mfupi kuliko kidole chako. Hakuna anayemweka kwenye simu.

Sasa kwa nini hawafiki kwenu. Maji ya pwani yetu juu yana nyuzi 25 hadi 30. Damu ya ngisi hubeba oksijeni kwa shaba, si kwa chuma kama yetu, na hiyo ya ngisi wa vilindini hufanya kazi vizuri kwenye baridi. Akipanda kwenye maji ya moto, hukosa pumzi akiwa ndani ya maji. Ndiyo maana wanaoonekana juu ni wagonjwa, wanaokufa au waliokwisha kufa. Afrika Kusini huokotwa ufukweni mara moja moja, na hata hao hawafai mboga, maana nyama yao imejaa amonia inayowasaidia kuelea. Ladha yake ni uchungu na harufu yake ni ya choo. Kwa mkaanga ngisi wa Forodhani ni hasara tupu.

Mkondo wa Zanzibar, kati ya Unguja na bara, ni wa kina kifupi, sehemu kubwa haifiki mita 50. Jitu gani lijifiche hapo? Mkondo wa Pemba ni habari nyingine, na sitakuficha: unashuka hadi kama mita 800, na chini huko ni baridi na giza. Kuna ngisi wa kilindini, bila shaka. Lakini Architeuthis hupenda zaidi bahari zisizo za joto na hupungua sana katika ukanda wetu, na hata akipita, kati yake na sakafu ya boti yenu pana mamia ya mita za maji asiyoweza kuyavumilia.

Kuna njia moja, hata hivyo, ambayo vilindi vimekuwa vikituletea habari tangu kale, nayo ni ambari. Bibi zetu waliijua kama manukato, na al-Masudi, msafiri Mwarabu wa karne ya 10, aliisifu ile ya pwani ya Zanji. Watu wa wakati huo walidhani huota chini ya bahari na nyangumi huimeza. Ukweli ni kinyume chake: hutengenezwa ndani ya utumbo wa nyangumi anayezama mita elfu moja kuwinda ngisi, na ukiivunja mara nyingi unakuta humo midomo ya ngisi, myeusi, migumu kama kucha. Nimewahi kuushika mmoja, ukubwa wa ukwaju. Karne zote hizo vipande vya ngisi wa vilindini vilikuwa vikipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa na Mombasa, na hakuna aliyejua.

Hapo ndipo ninapomheshimu babu. Wavuvi wameshawahi kuwaumbua maprofesa. Silikanti, samaki wa kale wa kilindini, alidhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria, hadi alipotua kwenye meza ya makumbusho ya East London, Afrika Kusini, Desemba 1938. Kumbe Wakomoro walimjua kwa jina la gombessa. Na kwenu Tanga ameingia kwenye majarife mara nyingi tangu 2004, mpaka hifadhi ya bahari ikatangazwa kwa ajili yake mwaka 2009. Ni samaki wa karibu mita mbili, wa kina cha mita 100 na zaidi, jirani yenu kabisa, na hajawahi kumgusa mtu.

Pweza aliyeshika jahazi, lakini, simkubali. Pweza wa miamba yetu ni wa kilo chache, na jitu la kilindini lisingefika juu likiwa na nguvu. Jahazi kusimama tuli nalikubali. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki husukuma maji kuelekea kaskazini mwaka mzima. Chombo kinachoteremka kusini kwa kaskazi dhaifu hupambana nao: tanga limejaa, maji yanapita ubavuni kwa kelele, na taa ya nchi kavu haisogei. Usiku, kijana aliyechoka, anaona kabisa kwamba chombo kimeshikwa.

Kuhusu mtoto, usimwambie kwamba wanyama hao hawapo. Ana simu za wajomba, atakubaini, na siku nyingine hatakuamini. Kumnyang'anya video kabisa nako sikushauri, ingawa usiku kabla ya kulala zima. Afadhali kaeni naye mchana, mtafute pamoja zile za kweli za 2012 na 2019. Zinatuliza, kwa sababu ngisi mwenyewe anaonekana mwenye wasiwasi, anagusa, anakimbia. Halafu nenda sokoni ununue ngisi wa kawaida, mpe amtoe mdomo kwa mkono wake na ule mfupa laini unaofanana na plastiki. Ramani ni ile ile, kipimo ndicho kimebadilika. Nimeona watoto waoga wakimaliza kazi hiyo wakidai kisu wampasue wa pili.

Ukijaliwa nauli, Mafia kuna jitu la kweli la kutazama: papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayekuja karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Februari. Huzama karibu mita 2,000 akitaka, kisha hupanda juu kula dagaa na vijidudu, na mtu hana haja naye. Ila ni safari ya gharama na mtoto asilazimishwe kuingia majini. Kumwona akiwa kwenye boti kunatosha. Kuvuka Pemba nako msianze siku ya kusi kali. Chagueni asubuhi tulivu, mpande chombo kisichojaza watu kupita kiasi, mvalisheni jaketi la kuokolea. Hatari za mkondo ule ni hizo, mawimbi na shehena.

Mambo machache yanahitaji mtu wa ana kwa ana, si mimi. Kama hofu imepita wiki kadhaa, anaamka na majinamizi, anakataa kuoga au kwenda shule, mpeleke hospitali umwombe daktari akuelekeze kwa mshauri wa watoto. Hofu ya namna hiyo hutibika, na wakati mwingine inakuwa imeanzia mahali pengine kabisa, simu ikapata lawama bure. Na jamaa zenu wavuvi wakitoa kiumbe wasichokijua, wasimkate wala kumuuza: wapige picha pamoja na kitu kinachojulikana ukubwa, waandike mahali na kina, wamwite afisa uvuvi. Akiwa ni silikanti na bado yu hai, arudishwe majini upesi. Nyangumi aliyekufa ufukweni msimsogelee wala msile nyama yake. Tumbo lake hujaa gesi na linaweza kupasuka.

Na babu ukimwona, niulizie: usiku ule jahazi liliposimama, walikuwa wanateremka na kaskazi au wanapanda na kusi?